Kufundisha Usalama Barabarani katika Shule za Mjini

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Dar es Salaam hukutana mapema na somo la usalama barabarani. Ni somo linaloonekana jepesi. Kanuni zake ni chache, wanafunzi hulipenda, na nyimbo za kulikariri hazikosekani. Kwa sababu hiyo wengi wetu hulimaliza kwa kipindi kimoja: tukaandika kanuni ubaoni, tukauliza maswali matatu, tukapata majibu sahihi, tukafunga kitabu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba somo likiishia hapo halijafundishwa bado, na kueleza njia ambazo mwalimu wa kawaida, mwenye darasa kubwa na zana chache, anaweza kuzitumia ili somo hili limfikie mtoto pale anapolihitaji.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia sisi wenyewe. Tulikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha Darasa la Pili katika shule moja ya jijini iliyo karibu na barabara kuu. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Alichora barabara ubaoni kwa chaki za rangi, akawaimbisha wanafunzi: kulia, kushoto, kulia tena, kisha vuka. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliitwa, akaionyesha kanuni yote bila kukosea, akapigiwa makofi. Nasi tulimpa mwanachuo yule alama nzuri.

Kengele ilipolia tulitoka pamoja na watoto. Daladala ilikuwa imesimama kituoni ikipakia abiria. Yule msichana alifika mbele ya daladala ile, akasimama ukingoni, akageuza kichwa kulia, kushoto, na kulia tena, midomo yake ikitamka maneno ya wimbo. Kisha akaingia barabarani. Bajaji iliyokuwa ikiipita daladala ilitokea ghafla. Mama mmoja auzaye karanga alimdaka mtoto kwa ukosi wa sare yake, akamrudisha nyuma. Bajaji ikapita.

Msichana yule hakuvunja kanuni yoyote aliyofundishwa. Kichwa kiligeuka kulia kama kilivyoagizwa, lakini kilichokuwako kulia kwake ni ubavu wa daladala. Alitazama, wala hakuona. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la mwanachuo aliyefundisha, na letu sisi tuliokaa nyuma ya darasa na kuandika kwamba shabaha ya somo imefikiwa.

Uzito wa jambo lenyewe

Isidhaniwe kwamba tunakuza jambo dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani watu wasiokuwa na bati la kuwakinga. Wanafunzi wetu, ambao wengi wao huenda shule kwa miguu, wamo katika kundi hilo.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo

Kabla ya kuchagua njia ya kufundishia, mwalimu hana budi kumfahamu mwanafunzi wake. Mambo manne yafaa yakumbukwe.

Kwanza, mtoto ni mfupi. Gari dogo lililoegeshwa, ambalo mtu mzima huona juu yake, kwa mtoto wa miaka saba ni ukuta. Na kama yeye haoni, basi na dereva naye hamwoni.

Pili, mtoto mdogo hukadiria usalama kwa umbali wa gari, si kwa mwendo wake. Gari likiwa mbali huliona salama, hata kama linakuja kwa kasi sana.

Tatu, mtoto mdogo hudhani kwamba asipoona gari, basi gari halipo. Kwa hiyo aweza kuchagua kuvukia penye kona, au karibu na mgongo wa kilima, na kuona kwamba amechagua vema kwa kuwa barabara ni tupu.

Nne, mawazo ya mtoto huvutwa na kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mpira ukikimbilia barabarani, au mama akimwita kutoka upande wa pili, kanuni zote husahaulika.

Upungufu huu si utundu wala ujinga. Ni hatua ya ukuaji, na hupungua kwa umri na kwa mazoezi. Mwalimu asimkaripie mtoto kwa kutokuwa na uwezo ambao bado hajaupata. Amsaidie kuupata, na wakati huohuo asimwachie mzigo asioweza kuubeba.

Mwalimu aitembee njia kwanza

Maandalio ya somo hili hayaanzi kwenye kitabu cha maandalio. Huanzia lango la shule. Mwanachuo afike asubuhi moja mapema, afuatane na watoto njiani, na arudi nao mchana. Aandike mambo haya: Watoto huvukia wapi hasa, na si wapi wanapotakiwa kuvukia? Daladala husimama wapi? Bodaboda huegeshwa wapi? Ni wapi wafanyabiashara wamepanga meza zao juu ya njia ya miguu hata watoto wakalazimika kushuka barabarani? Wakati wa masika, ni wapi madimbwi huwasukuma watoto kwenye lami?

Mahali pawili au patatu penye shaka, mwalimu achutame mpaka macho yake yafike kimo cha macho ya mtoto, kisha atazame kulia. Zoezi hilo la nusu dakika litamfundisha mengi kuliko kurasa kumi za kitabu. Baada ya hapo achore ramani ya njia hiyo. Ramani hiyo ndiyo zana ya somo, kwa maana mtoto havuki barabara iliyochorwa kitabuni. Huvuka ile iliyo mbele ya shule yake.

Somo la kwanza: Trei ya mchanga

Somo hili linafaa Darasa la Kwanza hadi la Tatu. Mwalimu atengeneze trei ya mchanga, atandike ukanda wa karatasi nyeusi kuwa barabara, na aweke viberiti kuwa magari. Watu watengenezwe kwa vijiti. Apange barabara ile kama ilivyo katika ramani yake: hapa lango, hapa kituo, hapa kona, hapa lori lililoegeshwa.

Amwite mwanafunzi mmoja, ampe kijiti na kumwuliza, "Huyu anataka kwenda ng'ambo. Avukie wapi?" Wengi wataonyesha mstari ulio mfupi kabisa. Mwalimu asiseme kwamba ni kosa. Amwambie mtoto ainamishe kichwa mpaka jicho lake liwe sawa na kichwa cha kijiti, kisha amwulize, "Sasa yeye anaona nini upande wa kulia?" Mtoto atajibu kwamba anaona kiberiti. "Na nyuma ya kiberiti kuna nini?" Hapo ndipo somo linapoanza. Mtoto atainua kichwa atazame, atakuta gari jingine, na atakihamisha kijiti mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa njia hii watoto watavumbua kanuni nne badala ya kuzikariri: vukia mahali unapoona mbali pande zote mbili; usivukie penye kona; usivukie kati ya magari yaliyoegeshwa; ukishuka daladala, subiri iondoke kwanza.

Somo la pili: Kupima mwendo uwanjani

Somo hili ni la Darasa la Tano na kuendelea, na laweza kuingizwa katika Hisabati. Zana zake ni kamba yenye fundo kila mita moja, vijiti, na majivu au chokaa.

Wanafunzi waanze kwa kukokotoa. Gari lendalo kilometa 30 kwa saa husafiri mita 8 na kitu kwa sekunde moja. Lendalo kilometa 50 husafiri karibu mita 14, na lendalo kilometa 60 karibu mita 17. Kisha mwalimu aeleze kwamba dereva akiona hatari hasimami papo hapo. Hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki, na muda wote huo gari huenda kwa mwendo uleule. Baada ya breki kukanyagwa, gari huendelea kuteleza kabla ya kusimama. Kwa kadirio la barabara kavu, breki nzima na dereva aliye macho, hesabu huwa hivi:

Kilometa 30 kwa saa: mita 8 kabla ya breki, mita 5 baada yake, jumla mita 13.

Kilometa 50 kwa saa: mita 14 kabla ya breki, mita 14 baada yake, jumla mita 28.

Kilometa 60 kwa saa: mita 17 kabla ya breki, mita 20 baada yake, jumla mita 37.

Wanafunzi wapime umbali huo uwanjani na kuchomeka vijiti. Sasa mwanafunzi mmoja asimame penye kijiti cha mita 13, na mwalimu aulize, "Gari la kilometa 30 limemgusa?" Hapana, limesimama mbele yake. "Na gari la kilometa 50 liko katika hali gani likifika hapa?" Wanafunzi watatazama vijiti vyao, na watakuta kwamba dereva wa gari hilo bado hajaanza kukanyaga breki. Litampiga kwa mwendo wake wote. Tumeliona darasa la watoto sabini likinyamaza kimya mbele ya jibu hilo. Mwalimu naye anyamaze kidogo, awaache wafikiri.

Tena wanafunzi walinganishe kilometa 30 na 60. Mwendo umezidi mara mbili, lakini mita za kuteleza zimetoka 5 hadi 20, yaani mara nne. Mvua ikinyesha, mita hizo huongezeka zaidi.

Zoezi la mwisho la somo hili ni la kuvuka. Chora kwa majivu barabara yenye upana wa mita 7. Mwanafunzi mmoja atembee kuivuka bila kukimbia, na wenzake wahesabu sekunde. Aghalabu zitapatikana kama 6. Katika sekunde hizo 6, gari la kilometa 60 kwa saa huwa limesafiri mita 100, ambazo ni karibu urefu wa kiwanja cha mpira. Basi wanafunzi wasimame penye goli moja na kulitazama la pili. Gari lililo kule, ambalo wao hulihesabu kuwa mbali, litawafikia kabla hawajamaliza kuvuka.

Somo la tatu: Barabarani

Somo hili ndilo shina la yote, nalo lataka uangalifu mkubwa. Mwanachuo asilifanye bila idhini ya mwalimu mkuu na bila mwalimu wa darasa kuwapo. Asitoke na darasa zima. Atoke na watoto wasiozidi kumi, pamoja na watu wazima wawili, ambao waweza kuwa wazazi walioombwa kupitia kamati ya shule. Waliobaki wafanye zoezi la trei au la uwanjani. Siku ya kwanza watoto wasivuke kabisa: wasimame mita mbili kutoka ukingoni, mahali penye nafasi, watazame tu. Mazoezi ya kuvuka yaanzie mtaa wenye magari machache.

Njia tunayoipendekeza ni hii. Mwanafunzi asiulizwe kanuni. Aulizwe anachokiona, naye akiseme kwa sauti. "Kulia naona lori, liko mbali, linakuja. Kushoto naona pikipiki, imesimama, dereva yuko juu yake. Kulia tena, lori limekaribia. Sivuki." Mtoto anayesema hivyo hawezi kugeuza kichwa tu kama mwanasesere, kwa sababu ulimi wake unayadai macho yake hesabu. Naye mwalimu husikia mara moja kilichokosekana. Mtoto akisema, "Kulia naona daladala," mwalimu atauliza, "Na nyuma ya daladala?" Swali hilo moja ndilo lililokosekana katika somo la yule msichana wetu.

Watoto waelezwe pia kwa nini tunaanza kulia. Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto, kwa hiyo gari la kwanza kumfikia mtu anayeingia barabarani hutoka kulia kwake. Kwa sababu hiyohiyo, pasipokuwa na njia ya miguu, mtu na atembee upande wa kulia, ili magari ya upande wake ayaone yakimjia usoni.

Kwenye barabara pana, mtoto afundishwe kuvuka kwa mafungu. Afike kisiwa cha kati, asimame, aanze kutazama upya. Barabara ya Morogoro yataka uangalifu zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katika njia zake za katikati, na mvukaji hukutana na zaidi ya mkondo mmoja wa magari. Na hata penye kivuko cha milia, gari la kwanza likisimama mtoto asikimbie. Afike usawa wa ukingo wa gari lile, asimame, achungulie njia ya pili. Dereva hapaswi kulipita gari lililosimama kivukoni, lakini wako wanaolipita.

Watumiaji wengine wa barabara

Barabara ya jiji si ya magari na wanafunzi peke yao. Hutumiwa na msukuma mkokoteni, mwendesha baiskeli, bodaboda, mzee anayetembea polepole, mtu wa kiti cha magurudumu, na kipofu mwenye fimbo nyeupe. Somo lenye kumfundisha mtoto kujiokoa peke yake ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kumfundisha kumfikiria mwenzake, maana mtoto huyu ndiye dereva na ndiye konda wa kesho.

Mchezo wa kuigiza wafaa hapa. Barabara ichorwe uwanjani, kila mwanafunzi apewe nafasi yake, na baada ya dakika tano wabadilishane. Aliyekuwa dereva mwenye haraka na awe kipofu aliyefungwa kitambaa na kuongozwa na mwenzake. Kisha waulizwe: Ulihitaji nini kutoka kwa wengine? Nani alikupa, nani alikunyima?

Ikiwa lori huleta bidhaa shuleni, dereva aombwe alisimamishe uwanjani, alizime, na wanafunzi wapande mmoja mmoja kwenye kiti chake. Wenzao wasimame karibu kabisa na pua ya lori. Aliye juu atashangaa kuona kwamba hawaoni. Mtoto aliyekaa katika kiti hicho hatacheza tena mbele ya lori.

Mzigo usiachiwe mtoto

Tumeeleza ya kumfundisha mtoto. Lakini tungekuwa tunadanganya kama tungesema kwamba mafunzo hayo yanatosha. Mtoto aliyefundishwa vizuri hukosea siku moja, na barabara iliyojengwa vibaya haimsamehi. Sheria yetu inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Azimio la Stockholm la mwezi Februari 2020 lilihimiza kikomo cha 30 mahali watu na magari wanapochanganyika. Hesabu za vijiti vyetu zimekwisha onyesha sababu.

Jiji la Dar es Salaam lenyewe lina mfano wa kujivunia. Shirika la Amend limetengeneza mazingira ya barabara karibu na shule za msingi kwa njia zisizo za gharama kubwa: matuta, vivuko, njia za miguu, vibao vya alama, na mahali pengine kulihamisha lango la shule lisielekee barabara yenye hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilipunguza majeruhi miongoni mwa watoto, na mwaka huohuo mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, Tuzo ya Ross. Twajifunza nini? Kwamba tuta moja mbele ya lango hufanya kazi kila siku, hata siku mwalimu anapokuwa mgonjwa.

Mwalimu hajengi matuta, lakini anaweza kuandika. Wanafunzi wa madarasa ya juu wahesabu magari kwa dakika kumi wakati wa kutoka shule, wakiwa ndani ya ua. Wahesabu watoto wanaovuka. Hesabu hizo, pamoja na ramani ya mwalimu, zipelekwe na mwalimu mkuu kwenye kamati ya shule na serikali ya mtaa, na kutoka huko kwa wenye barabara. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, na barabara za mitaa chini ya TARURA. Barua yenye hesabu na mchoro husikilizwa kuliko malalamiko matupu. Nao wanafunzi watakuwa wamejifunza Hisabati, uandishi wa barua na uraia kwa pamoja.

Kupima maendeleo

Somo hili lisipimwe kwa maswali ya kuandika peke yake. Wiki mbili baada ya somo, mwalimu asimame mahali asipoonekana kwa urahisi, aangalie watoto wanavyotoka. Wangapi wanasubiri daladala iondoke? Wangapi wanakimbia? Mahali gani bado wanavukia vibaya, na kwa nini? Majibu hayo ndiyo alama za mwalimu, si za mwanafunzi.

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja mwanzoni alirudia somo lake wiki iliyofuata. Safari hii hakuchora kitu ubaoni. Aliwatoa watoto kumi kumi hadi karibu na kituo, akawataka waseme wanachokiona. Wimbo wake hatukumkataza, kwa maana wimbo una kazi yake. Lakini sasa ulikuwa na macho ndani yake. Mama wa karanga alikuwapo, akasikiliza, na tangu siku hiyo watoto walimkuta naye akiwauliza, "Nyuma ya gari kuna nini?" Ndugu wanachuo, tukifika hapo, ambapo swali la darasani linaulizwa na mtu aliye barabarani, tunaweza kusema kwamba tumefundisha.

Maswali ya mjadala

1. Tembea njia moja itumiwayo na wanafunzi wa shule unayofanyia mazoezi. Taja mahali patatu pa hatari, na ueleze kila mahali kwa kimo cha mtoto wa miaka saba.

2. Darasa lako lina wanafunzi 80 na uko peke yako. Panga vipindi vitatu vitakavyowawezesha wote kufanya zoezi la barabarani kwa usalama.

3. "Kanuni za kuvuka barabara zifundishwe kwa wimbo." Jadili faida na hatari ya njia hiyo.

4. Andaa pamoja na wanafunzi wa Darasa la Sita barua kwa serikali ya mtaa kuhusu kivuko kilicho mbele ya shule.